Hofu ya Maumivu na Mwisho wa Ndui: Funzo la Merca, 1977

Katika mijadala ya sera za afya, mtu anayesita kuchanjwa mara nyingi huchukuliwa kuwa hana taarifa, na dawa inayopendekezwa huwa ni elimu zaidi. Historia ya ndui katika Pembe ya Afrika inaitilia shaka dhana hiyo. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, kusini mwa Somalia, mwenye umri wa miaka 23.

Mnamo Oktoba 1977, gari lililobeba watoto wawili wenye ndui lilisimama hospitalini hapo kuuliza njia. Maalin alipanda ili kumwelekeza dereva. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Siku kadhaa baadaye alishikwa na homa. Kwanza alitibiwa malaria, kisha ikadhaniwa ana tetekuwanga, hadi ndui ilipothibitishwa mwishoni mwa mwezi. Watu 161 waliokuwa wamekutana naye walifuatiliwa, na zaidi ya watu 50,000 wakachanjwa katika muda wa wiki mbili. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa naye. Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kuwa ndui imetokomezwa.

Swali la msingi ni kwa nini mfanyakazi wa hospitali, katikati ya kampeni kubwa ya chanjo, alikuwa bado hajachanjwa. Maelezo aliyoyatoa mwenyewe baadaye ni mafupi: aliogopa maumivu. Jibu hilo halifai kubezwa. Chanjo ya ndui ilitolewa kwa kuchoma ngozi ya mkono mara kadhaa, nayo iliacha kidonda kilichochukua majuma kupona. Maumivu hayo yalikuwa ya hakika na ya siku hiyohiyo, ilhali ugonjwa wenyewe ulikuwa ukitoweka, na hatari yake ikaonekana kuwa ya mtu mwingine. Binadamu akiyapima mambo hayo mawili, lililo karibu humwelemea zaidi. Hapo ndipo penye kinaya: kadiri kampeni inavyofanikiwa, ndivyo ugonjwa unavyopotea machoni pa watu, na ndivyo ari ya kuchanjwa inavyopungua.

Miaka mingi baadaye, Maalin alijiunga na kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake. Alipokutana na wazazi waliokataa chanjo, aliwasimulia kisa chake na kukiri kwamba naye aliwahi kuikwepa. Mzazi aliyeyasikia hayo hakuhukumiwa kuwa mjinga. Alizungumza na mtu aliyeijua hofu yake. Polio iliporejea Somalia mwaka 2013, Maalin alirudi kazini, na Julai mwaka huohuo akafariki kwa malaria.

Kisa hiki kina mafunzo mawili kwa watunga sera wa ukanda huu. Kwanza, kabla ya kuandaa ujumbe, ni sharti ibainishwe ni hofu ipi inayowazuia watu, kwa kuwa anayeogopa sindano hatulizwi kwa maelezo yanayomfaa asiyeiamini serikali. Pili, isidhaniwe kwamba wafanyakazi wa vituo vya afya, wakiwamo wapishi, madereva na walinzi, wameshachanjwa kwa sababu tu wako karibu na chanjo. Maalin alikuwa karibu nayo kila siku.