Anza na Hasi au Anza na Chanya? Historia Fupi ya Betri, Kutoka Land Rover Hadi IST

Umezoea kunikuta nikizungumzia machungwa, mihogo na mbegu za mahindi. Leo nafungua boneti. Wakulima wengi ninaowatembelea Muheza na Pangani sasa wana gari dogo la kubebea mazao, na wengi hubadilisha taa, stata au alteneta wenyewe, nyumbani, chini ya mwembe. Kazi hizo zote huanza na jambo moja, nalo ni kufungua waya za betri. Na hapo ndipo nakuta mabishano.

Babu yangu alikuwa fundi wa magari kwenye mashamba ya mkonge hapa Tanga miaka ya 1960. Alinifundisha nikiwa mtoto: "Mjukuu wangu, betri unaanza na chanya." Nilipopata gari langu la kwanza, Toyota iliyokwishatumika, nikafanya kama babu alivyosema. Spana ikiwa bado kwenye chanya, mkia wake ukagusa bodi. Ulitoka mwanga mweupe na mlio kama fataki. Sikuumia, lakini spana ile ninayo mpaka leo, na ina kidonda palipoungua. Vijana wa gereji za Ngamiani waliposikia walicheka: "Afisa, kila mtu anajua unaanza na hasi!"

Kwa miaka mingi niliamini babu alikosea. Nilipoanza kusoma historia ya magari haya niligundua kwamba babu alikuwa sahihi kabisa, ila gari ndilo lililobadilika. Nakueleza historia hiyo kwa sababu ukiijua hutasahau tena uanze na waya upi.

Zama za hendeli

Betri ya kuchaji ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza ya kwanza mwaka 1859, kwa bamba za madini ya risasi ndani ya asidi ya salfa. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliiboresha ikafaa kutengenezwa viwandani. Betri ya gari lako ni ya ukoo huohuo. Ina vyumba 6, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo, jumla volti 12 na ushee.

Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa hendeli. Unasimama mbele, unazungusha chuma, na injini ikirudisha teke mkono unaweza kuvunjika. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa gari lenye stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Polepole hendeli ikastaafu.

Lakini stata ni mlaji. Kuzungusha injini kunahitaji umeme mwingi kwa mkupuo, ampea mia moja na zaidi. Kwa hiyo betri ya gari ikatengenezwa iweze kumwaga umeme mwingi ndani ya sekunde chache. Volti 12 hazikurushi ukizigusa kwa mkono mkavu, ndiyo maana watu huidharau betri. Ukiilaza spana kati ya vichwa vyake viwili, umeme wa kuzungusha injini nzima unapita kwenye spana hiyo. Chuma kinawaka moto. Kama ni pete kidoleni, inaunguza nyama. Tena betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja karibu nayo inaweza kuipasua betri na kukurushia asidi machoni.

Chanya ilipofungwa kwenye bodi

Sasa tuje kwa babu. Ili kuokoa waya, watengenezaji wa magari waliifanya bodi yenyewe iwe njia ya kurudishia umeme. Kichwa kimoja cha betri hufungwa kwenye bodi, na kingine hupeleka umeme kwenye stata, taa na honi. Swali ni kichwa kipi kifungwe kwenye bodi.

Waingereza, kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960, kwenye magari yao mengi walifunga chanya. Land Rover iliyozinduliwa mwaka 1948 ilikuwa hivyo. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza hadi Desemba 1961, kwa hiyo magari mengi ya serikali na ya mashamba yalitoka kwao.

Hapa Tanga yalikuwa na kazi nyingi. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche michache iliyopandwa karibu na Pangani, ulikuwa umetanda hadi Korogwe na mbele zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa uzalishaji wake. Karakana za mashamba hayo zilikuwa shule za ufundi za wakati ule, na babu alisomea humo.

Kwa Land Rover ya babu, waya wa bodi ulikuwa ni chanya. Akiutoa huo kwanza, bodi inakuwa haina uhusiano na betri. Halafu anafungua hasi, na hata spana ikigusa bodi hakuna shoti. Ndiyo sababu aliniambia nianze na chanya.

Alteneta na magari ya Japani

Miaka ya 1960 mambo yaligeuka. Dainamo ilianza kuondoka na alteneta ikaingia. Redio na vifaa vingine vya magari vikaanza kutumia transista, na vifaa hivyo havivumilii kugeuziwa hasi na chanya. Watengenezaji wakakubaliana na mtindo mmoja: hasi kwenye bodi. Land Rover nazo zilibadilika katika nusu ya pili ya miaka hiyo.

Kwetu mabadiliko hayakuja siku moja. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na gari la zamani lilitunzwa kama mzee wa ukoo. Gari la chanya kwenye bodi na la hasi kwenye bodi yaliweza kulala gereji moja. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Hayo yote hasi iko kwenye bodi. Magari ya zamani yakafa, lakini kanuni yake ikabaki midomoni mwa wazee, nami nikairithi bila sababu yake.

Kuna desturi nyingine ya zama za dainamo inayoua magari hadi leo. Fundi anawasha injini, kisha anachomoa waya wa betri aone kama injini itaendelea kuunguruma. Kwa dainamo iliwezekana. Kwa alteneta, betri ndiyo inayotuliza umeme, na ukiitoa injini ikiwaka volti zinaruka juu ghafla na kuunguza alteneta au kompyuta ya gari. Usikubali gari lako lipimwe hivyo. Mita ya kawaida inatosha: injini ikiwaka, betri yenye afya na alteneta nzima husoma kama volti 13.8 hadi 14.5.

Gari lenye kompyuta

IST, Noah au Probox yako ina jambo ambalo babu hakulijua, yaani mifuko ya hewa ya usalama, kwenye usukani na mbele ya abiria. Mfumo wake huweka akiba ya umeme ili mfuko ufumuke hata betri ikikatika wakati wa ajali. Kwa hiyo ukifungua betri leo, mfuko bado uko hai kwa muda. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaagiza usubiri angalau sekunde 90 baada ya kufungua hasi kabla ya kugusa usukani au waya zake. Mimi husubiri dakika tano, nakunywa maji.

Magari ya haibridi kama Prius na Aqua yana betri ya pili yenye nguvu kubwa. Ya Prius huzidi volti 200 katika matoleo mengi. Kufungua betri ndogo hakutoshi. Ukiona waya wenye ganda la rangi ya chungwa, usiuguse. Mwite fundi aliyesomea magari hayo.

Sasa fanya hivi

1. Egesha gari pakavu penye hewa, vuta breki ya mkono, zima injini, taa na redio. Toa ufunguo, au ule wa rimoti uweke mbali na gari. Acha mlango mmoja wazi usije ukajifungia nje.
2. Vua pete, saa na bangili. Vaa miwani ya kukinga macho. Usivute sigara hapo.
3. Kabla ya kushika spana, fuata waya kwa macho. Ule uliofungwa kwenye bodi au injini ndio wa kwanza kutoka. Kwenye gari lako la Japani ni hasi, yenye alama ya kujumlisha ikikosekana na ya kutoa ikionekana.
4. Legeza nati yake, mara nyingi kwa spana namba 10. Inua waya, usiupigepige. Ufunge kitambaa kikavu na uusogeze mbali usirudi wenyewe.
5. Subiri, kisha fungua chanya kama unahitaji kutoa betri nzima.
6. Wakati wa kurudisha geuza mpangilio: chanya kwanza, hasi mwisho.

Sisi watu wa pwani tuna chumvi ya bahari hewani, na vichwa vya betri huota unga mweupe au wa kijani. Usafishe betri ikiwa imefunguliwa, kwa maji yenye magadi kidogo na mswaki, usipumue vumbi lake, kisha ukaushe na upake grisi kidogo. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, na kama ni jichoni osha kwa muda mrefu huku ukielekea hospitali.

Ukirudisha waya, saa ya redio itakuwa imepotea, vioo vya umeme huenda vikataka kufundishwa upya, na injini inaweza kuunguruma vibaya kidogo siku ya kwanza. Hilo ni kawaida.

Na kama kuna Land Rover ya zamani imesimama nyuma ya nyumba ya mzee wako, usiifungue kwa mazoea ya IST. Fuata waya wa bodi kwanza, kama babu alivyofanya.