Mchezo wa kutoroka chumbani: Mafumbo yake hutengenezwa na kujaribiwa vipi?

Kundi la watu wanne hadi sita linaingia kwenye chumba. Saa inaanza kuhesabu, mara nyingi dakika 60. Ili watoke, lazima watafute vidokezo, wafungue makufuli na wafumbue mafumbo kwa mikono yao wenyewe.

Ulitoka wapi?

Mchezo huu ulianza Kyoto, Japan, mwaka 2007. Aliyeuanzisha ni Takao Kato wa kampuni ya SCRAP, baada ya michezo kama hiyo kupata umaarufu kwenye kompyuta. Mwaka 2011 ukafika Budapest, Hungary, kisha ukasambaa Ulaya na Marekani.

Fumbo zuri likoje?

Chukua mfano wa chumba kilichopambwa kama duka la zamani. Kuna mizani, mawe yake, na vifurushi vitatu vya nafaka: chekundu, cha kijani na cha bluu. Ukivipima, unapata kilo 3, 1 na 2. Ukutani kuna kibao chenye rangi hizo kwa mpangilio. Basi, namba za kufuli ni 3-1-2.

Hapo hakuna anayehitaji kujua hesabu ngumu wala historia. Kila kitu kinachohitajika kimo chumbani, na mizani yenyewe inamwambia mchezaji la kufanya.

Kwa nini lijaribiwe?

Kwa sababu aliyelitunga tayari analijua jibu. Kwake kila kitu kiko wazi. Ndiyo maana watengenezaji huanza na maboksi, karatasi na gundi, kisha wanaita watu ambao hawajawahi kuliona fumbo hilo.

Wakati wa majaribio, mtengenezaji anakaa kimya. Kazi yake ni kuandika:

• Wachezaji walianza kushika nini?
• Walikwama wapi, na kwa dakika ngapi?
• Ni nani alibaki amesimama tu bila kazi?
• Waliomba msaada mara ngapi?

Kwenye duka letu, huenda kuna bango la bei lililowekwa kama pambo tu. Kumbe wachezaji wanaliona, wanachukua "450" na kuijaribu kwenye kufuli. Hawajakosea wao. Bango ndilo linalowapoteza, liondolewe. Baadaye kundi lingine jipya linaitwa, kwa sababu lile la kwanza sasa linajua jibu.

Vipi kuhusu uimara?

Mchezaji mwenye haraka huvuta, hugonga na hulazimisha. Kifaa kikivunjika katikati ya mchezo, fumbo limekufa. Vilevile, kila kitu lazima kirudi mahali pake kabla ya kundi linalofuata, hivyo wahudumu huhitaji orodha ya kukagua. Kifurushi kimoja kikisahaulika, kundi zima linakwama.

Usalama kwanza

Januari 4, 2019, wasichana watano wenye umri wa miaka 15 walikufa kwa kuvuta hewa yenye sumu baada ya moto kuzuka kwenye kituo cha mchezo huu mjini Koszalin, Poland. Moto uliziba njia, wakashindwa kutoka. Baada ya hapo mamlaka zilikagua vituo vingine nchini humo na kufunga baadhi.

Tangu hapo swali la kwanza si ugumu wa fumbo, ni mlango. Mchezaji anatakiwa kuweza kutoka muda wowote, hata kama hajafumbua chochote. Kufuli la sumaku ya umeme linalofaa ni lile linaloachia lenyewe umeme ukikatika, na pembeni yake kuwe na kitufe cha dharura.

Hilo nalo hujaribiwa kwa vitendo: umeme unazimwa, watu wanaambiwa watoke, na muda unapimwa.

Ukienda kucheza, uliza kabla saa haijaanza: "Tukitaka kutoka sasa hivi, tunapitia wapi?" Wakishindwa kukuonyesha, usiingie.