Neno la Wiki: Nia si Ombi

Siku hizi utasikia kijana akitamba: “Nimeshaomba viza ya Australia.” Ukimdadisi, kumbe amejaza fomu ya kuonyesha nia tu, kwenye SkillSelect, mfumo wa wahamiaji wenye ujuzi ulioanza mwaka 2012. Hajaomba kitu. Nia, neno tulilolipata kwa Waarabu na ambalo kila mfungaji wa Ramadhani analijua, ni kusudio; ombi ndilo linalodai uamuzi. Fomu ile haina ada, hudumu miaka 2, na inaweza kuisha muda wake bila mwaliko wowote. Alama 65 za sifa zako ndizo za chini kabisa ili ualikwe, na mara nyingi hazifui dafu. Ukialikwa, hapo ndipo unapoomba, ndani ya siku 60, na kulipa. Tena mwaliko nao si viza. Msianze kuuza viwanja.