Nani Mlezi wa Miche: Mzee wa Kaya, Mwanasayansi au Bwana Miti?

Chini ya miti mikubwa ya msitu wa kitropiki kuna umati wa maotea: mengine yana kimo cha vidole viwili, mengine yanafika gotini, ya aina mbalimbali, yamebanana kivulini yakingoja mti uanguke ili jua lishuke. Mengi yatakufa. Yapi yabaki, na nani wa kuamua? Swali hilo limepata majibu matatu yasiyofanana: la wazee wa kaya za Wamijikenda katika pwani ya Kenya, la wanasayansi wa kisiwa cha Barro Colorado nchini Panama, na la bwana miti mwenye kitalu chake.

Misitu ya kaya ilizunguka maskani ya kale ya Wamijikenda, na kadhaa kati yake iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Miiko yake inajulikana: hukati mti, huokoti kuni, huiachi njia. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni huvishwa kaniki kabla ya kuingia, na hatoki na kitu, hata jani. Miiko hiyo iliwekwa kwa ajili ya makaburi, fingo (hirizi ya ulinzi) lililozikwa na mahali pa maombi; mche haukutajwa. Lakini anayefaidi zaidi ni mche. Mbambakofi mzima hautikiswi na nyayo za watu. Mche wenye majani mawili ukikanyagwa mara moja, basi. Aliyeacha gogo lioze pale lilipoangukia, akashika njia yake, amelilea kundi zima la miche bila kuhesabu hata mmoja.

Panama hawaamini mpaka wahesabu. Barro Colorado ni kilima kilichogeuka kisiwa pale mto Chagres ulipozuiwa kwa ajili ya Mfereji wa Panama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanaikolojia Stephen Hubbell na Robin Foster walipima humo hekta 50 na kusajili kila shina lenye unene wa sentimita 1 au zaidi kwenye kimo cha kifua: mashina zaidi ya 200,000, ya aina 300 hivi. Baadaye ikawekwa mitego ya kukinga mbegu zinazodondoka na, kando yake, vipande vya mita moja ya mraba vya kuhesabia miche. Mwaka 2000, Kyle Harms na wenzake walilinganisha mbegu na miche ya aina 53. Katika kila aina, mbegu zilipodondoka nyingi mahali pamoja, sehemu ndogo zaidi ndiyo iliyofika kuwa miche. Hivyo aina adimu zikapata upenyo, na miche ikawa na mchanganyiko mkubwa kuliko mbegu zilizoizaa.

Wanaikolojia Daniel Janzen (1970) na Joseph Connell (1971) walikuwa wametabiri hivyo: wadudu na kuvu wanaoshambulia aina fulani hujaa pale penye mama na watoto wake. Mtafiti Carol Augspurger alilishuhudia jambo hilo kwenye Platypodium elegans, mti ambao mbegu zake hupeperushwa na upepo. Miche iliyoota karibu na mama, tena kivulini, iliozeshwa na kuvu kwa wingi. Iliyopelekwa mbali ilipona zaidi.

Bwana miti yeye anaamini kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huchekecha udongo, huchanganya samadi, hujaza viriba, huezeka kivuli na kumwagilia. Njia hii ina heshima yake. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake wa vijijini walilipwa ujira mdogo kwa kila mche uliopona, na vilima vilivyokuwa vitupu vikapata miti. Pasipo na mti mama, wala ndege wa kuleta mbegu, hakuna njia fupi kuliko kitalu.

Kitalu hujikwaa kwenye mvule. Msituni mbegu zake ndogo husambazwa na popo, na miche huota ikiwa imetawanyika kati ya miti mingine. Mvule ukipandwa peke yake, safu kwa safu, huja mdudu mdogo aitwaye Phytolyma, ambaye hutaga mayai kwenye machipukizi machanga. Chipukizi hufanya uvimbe wa kijani, uvimbe hupasuka, kuvu huingia na ncha hufa. Mche huchipua tena, na mdudu hurudi. Hasa Afrika Magharibi, mashamba mengi ya mvule yameshindwa kwa sababu hiyo. Hapo mabwana miti walikutana na kanuni ileile ya Panama, na ikawagharimu.

Kwa hiyo kaya na Panama wanakubaliana bila kuwahi kukutana: mche hulelewa na jirani zake, na jirani bora ni wa ukoo mwingine. Kaya inajua kuzuia mkono. Panama inajua sababu. Ila kaya nayo isipambwe kupita kiasi. Mwiko hushika pale tu wanaouheshimu wanapokuwapo, na bei ya ardhi ya pwani haina heshima. Tena msitu mdogo uliozingirwa na mashamba unaweza kuwa na miti mikuu juu na sakafu isiyo na warithi wake, na mwiko hautamwambia mzee jambo hilo. Hapo kuhesabu kunahitajika.

Kamati za misitu, na wote mnaojiandaa kwa kampeni ya kupanda miti: kabla ya kuagiza viriba, pimeni vipande kadhaa vya mita moja ya mraba, muiname, mhesabu maotea yaliyopo na aina zake. Yakiwa mengi na ya aina nyingi, wekeni ulinzi na muyaache yakue. Yasipokuwapo, leteni miche ya kitalu, ya asili na iliyochanganywa. Msiifyeke miche ya bure ili mpande ya kununua.