Waliokimbia Maji Wakakutana na Maji

Wanasema ajali kubwa ikitokea wasafiri hubadilika. Sawa, lakini wanabadilika mpaka wapi? Hebu tuliulize Ziwa Viktoria.

Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba kwenda Mwanza, ikapitia Kemondo na kuongeza watu. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 430. Asubuhi ya tarehe 21, Mwanza ikiwa si mbali tena, ikapinduka. Inakadiriwa walikufa watu zaidi ya 800. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo, na wengi wakazikwa pamoja Igoma.

Mimi sikuwa nimezaliwa, nasimuliwa tu. Shangazi yangu alikuwa akipeleka ndizi Mwanza kwa meli. Baada ya msiba ule akaapa: maji tena? Thubutu! Akahamia kwenye basi, Muleba, Biharamulo, Geita, vumbi mpaka kwenye kope. Mvua ikinyesha, basi linanasa na abiria wanashuka kusukuma. Tena basi halibebi mikungu kama meli, kwa hiyo faida ikayeyuka.

Halafu basi likifika Busisi, lazima lipande kivuko kuvuka kwenda Kigongo. Yaani waliokimbia maji wakakutana na maji! Shangazi alikuwa anavua viatu, anasimama ukingoni tayari kuogelea. Na kuogelea hajui.

Baada ya miaka michache akarudi melini, safari hii MV Victoria. Nilimuuliza, woga uliisha? Akanijibu, "Mwanangu, woga haulipi ada." Ila alibaki na tabia moja mpya: kabla ya kupanda anawatazama watu kwanza. Akiona wamebanana, anageuza na ndizi zake, analala bandarini.

Lakini si kila mtu ana nafasi ya kugeuza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Wakafa watu 228. Wengine walikuwa wanatoka gulioni. Wako waliosema, eti hawa hawakujifunza kwa MV Bukoba? Wangejifunza nini, jamani? Ukara ni kisiwa. Hakuna basi la kuhamia.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa. Basi la Bukoba sasa linapita juu ya maji bila mtu kuvua viatu. Miaka 29 ilikuwa imepita tangu MV Bukoba.

Kwa hiyo mimi naona hivi. Woga humbadilisha msafiri kwa miaka michache, kisha ada na chakula vinamrudisha alikotoka. Kinachombadilisha moja kwa moja ni njia nyingine. Tukisikia tena chombo kimezama kwa kujaza, tusianze kuuliza kwa nini walipanda. Tuulize kwanza walikuwa na njia gani nyingine.