Serikali zilipoiacha Tibet, watu waliibeba

Novemba 1950, telegramu kutoka mji wa Kalimpong nchini India ilifika Lake Success, jimboni New York, yalikokuwa makao ya muda ya Umoja wa Mataifa. Ilikuwa imetumwa na serikali ya Tibet. Mwezi mmoja kabla, jeshi la China lilikuwa limeingia mashariki mwa nchi hiyo na kuuteka mji wa Chamdo, na watawala wa Lhasa walikuwa wakiomba msaada wa dunia. Nchi moja tu ndiyo iliyosimama kutaka shauri lao lijadiliwe: El Salvador, taifa dogo la Amerika ya Kati lisilo na mpaka wala biashara na Tibet. Tarehe 24 Novemba mjadala uliahirishwa. Uingereza na India, nchi mbili zilizoijua Tibet kuliko wengine wote, hazikuutetea.

Historia ya harakati za kuwatetea Watibeti imefuata mkondo huohuo tangu siku ile. Wenye uwezo hupima kwanza watapoteza nini, na mzigo huangukia mikononi mwa watu wasiotarajia faida yoyote.

Beijing ina hoja zake. Inasema Tibet ni sehemu ya China tangu karne nyingi, na kwamba jeshi lake lilikwenda kuwakomboa wakulima waliotumikishwa na makabaila na nyumba za watawa. Ni kweli kwamba Tibet ya zamani ilikuwa na dhuluma zake, na Dalai Lama mwenyewe, kiongozi wa kiroho wa Watibeti, amekiri kwamba ilihitaji mageuzi. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tunaifahamu hoja hiyo. Wazungu walioitwaa pwani yetu nao walidai wamekuja kukomesha biashara ya watumwa. Kukomesha dhuluma hakumpi mtu hati ya kumtawala aliyedhulumiwa.

Tarehe 10 Machi 1959 maelfu ya wakazi wa Lhasa waliizunguka kasri ya Norbulingka, wakihofia kwamba Dalai Lama wa 14, kijana wa miaka 23, angekamatwa na Wachina. Usiku wa tarehe 17 alitoroka akiwa amevaa kama askari, na siku ya mwisho ya mwezi akaingia India. Makumi ya maelfu ya watu wake walimfuata kupitia milima ya Himalaya. Nyuma yao maasi yalizimwa kwa mizinga.

Safari hii Umoja wa Mataifa ulisikia. Ireland na Malaya zilipeleka hoja, na Baraza Kuu likapitisha azimio mwaka 1959, jingine mwaka 1961 na la tatu mwaka 1965. La 1961 lilitaja waziwazi haki ya Watibeti ya kujiamulia mambo yao. Mwaka 1960 Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, yenye makao yake Geneva, ilitoa ripoti iliyosema kulikuwa na vitendo vya kuwaangamiza Watibeti kama jumuiya ya kidini. Mwaka huohuo Jayaprakash Narayan, mpigania uhuru wa India, aliitisha mjini New Delhi mkutano wa Asia na Afrika kuhusu Tibet. Kwake, kupinga ukoloni wa Mzungu na kuunyamazia wa jirani kulikuwa kujikana.

Marekani ilikuwa na njia nyingine. Shirika lake la ujasusi, CIA, liliwafunza wapiganaji wa Kitibeti kwenye kambi ya Camp Hale katika milima ya Colorado, likawapa silaha, kisha likawaacha Washington ilipotaka kupatana na Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliobaki Mustang, kaskazini mwa Nepal, waliweka silaha chini mwaka 1974 baada ya kusikiliza ujumbe wa Dalai Lama uliorekodiwa kwenye kanda. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Kabla ya hapo, tarehe 25 Oktoba 1971, Jamhuri ya Watu wa China ilipewa kiti chake Umoja wa Mataifa, na balozi wa Tanzania, Salim Ahmed Salim, alikuwa mstari wa mbele katika ushindi huo. Msimamo wa Tanzania ulikuwa wa haki: taifa kubwa kuliko yote kwa idadi ya watu halikustahili kufungiwa nje. Lakini mtuhumiwa sasa alikuwa na kura ya turufu katika Baraza la Usalama. Tangu 1965 Baraza Kuu halijapitisha azimio lolote kuhusu Tibet.

Hapo ndipo watu wa kawaida walipoingia. Kati ya 1987 na 1989 Lhasa ilifumuka kwa maandamano yaliyoongozwa na watawa wa Kibudha, wanaume kwa wanawake, hadi China ikatangaza sheria ya kijeshi Machi 1989. Desemba ya mwaka huo Dalai Lama alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Vyama vya kuitetea Tibet vikaenea London, Washington na kwingineko, na mwaka 1994 wanafunzi wakaunda chao mjini New York, Students for a Free Tibet.

Vyama hivyo vilisimama juu ya ushahidi uliopatikana kwa gharama kubwa. Mtawa Palden Gyatso alifungwa jela na kambi za kazi kwa miaka 33. Alipoachiliwa mwaka 1992 alikimbilia India akiwa na marungu ya umeme na pingu za aina iliyotumika kuwatesa wafungwa, na mwaka 1995 akatoa ushahidi Geneva mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1993, katika gereza la Drapchi mjini Lhasa, watawa wa kike 14 walirekodi kwa siri nyimbo za kuililia nchi yao, na kanda ikapenyezwa nje. Waliongezewa vifungo. Mmoja wao, Ngawang Sangdrol, aliachiliwa mwaka 2002 baada ya kampeni ya miaka mingi katika nchi za nje.

Juni 1996 mwanamuziki Adam Yauch wa kundi la Beastie Boys aliandaa tamasha la siku mbili kwa ajili ya Tibet mjini San Francisco, likavuta watu wapatao 100,000. Lakini ushindi wa wazi zaidi ulipatikana katika kazi isiyo na muziki. Mwaka 1999 Benki ya Dunia ilikuwa tayari kuikopesha China dola milioni 40 kwa mradi ambao ungewahamishia wakulima wapatao 58,000, wengi wao wasio Watibeti, katika eneo la Watibeti na Wamongolia mkoani Qinghai. Wanaharakati walipeleka malalamiko kwenye jopo la ukaguzi la benki yenyewe, na jopo likabaini kuwa benki ilivunja kanuni zake. Julai 2000 China iliondoa ombi lake, ikisema itatumia fedha zake.

Mwaka 2008, maandamano mapya ya Tibet yalipokwisha kuzimwa, Mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulizungushwa duniani. London ulizongwa na waandamanaji, na Paris ilibidi upakiwe ndani ya basi. San Francisco, Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alihutubia mkesha wa kuiombea Tibet. Afrika nzima mwenge ulifika mji mmoja tu, Dar es Salaam, tarehe 13 Aprili, ukakimbizwa kutoka stesheni ya TAZARA hadi Uwanja wa Taifa, majengo yote mawili yakiwa matunda ya msaada wa China. Wangari Maathai wa Kenya alikuwa ameteuliwa kuwa mmoja wa wakimbiza mwenge. Alijitoa kwa sababu za haki za binadamu.

Tutu naye aliulipia msimamo wake. Oktoba 2011 alitimiza miaka 80 bila rafiki yake Dalai Lama kuhudhuria, kwa kuwa serikali ya Afrika Kusini ilichelewesha viza hadi safari ikavunjika. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Rufaa iliamua kwamba ucheleweshaji huo ulikuwa kinyume cha sheria.

Uhuru haujapatikana, wala mamlaka ya ndani ambayo Dalai Lama amekuwa akiyaomba badala yake. Mwaka 2023 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionya kwamba watoto wapatao milioni moja wa Kitibeti wako katika shule za bweni zinazowatenga na lugha na dini yao. Gedhun Choekyi Nyima, aliyetambuliwa na Dalai Lama kuwa Panchen Lama, kiongozi wa pili kwa hadhi katika Ubudha wa Kitibeti, alichukuliwa na China Mei 1995 akiwa na miaka sita, na hajaonekana hadharani tangu hapo. Julai 2025 Dalai Lama alitimiza miaka 90, na Beijing inadai mamlaka ya kumwidhinisha mrithi wake.

Mwaka 1984 wafanyakazi wa duka moja la Dublin waligoma kwa kukataa kuuza matunda ya makaburu wa Afrika Kusini, na hawakukoma hadi Ireland ilipopiga marufuku bidhaa hizo mwaka 1987. Hawakupata faida yoyote, na Afrika inawashukuru. Deni la aina hiyo hulipwa kwa kumtetea mwingine, hata pale anayelaumiwa ni rafiki aliyetujengea reli. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuuliza Gedhun Choekyi Nyima yuko wapi hakuvunji urafiki na China, na swali hilo linaweza kuulizwa Nairobi na Dar es Salaam kama linavyoulizwa Geneva.