Msikate Kivuli
Filamu ya Eragon ilitoka Desemba 2006, na mpaka leo sisi wasomaji wa Christopher Paolini tukiikumbuka tunasonya. Jeremy Irons alikuwemo. Joka lilipendeza. Shida ilikuwa kwenye hadithi.

Waandaaji waliwaua Ra'zac. Kwenye kitabu viumbe hao wanatoroka, na katika Eldest, kilichokuwa madukani tangu 2005, ndio wanaomteka Katrina, mchumba wa Roran. Filamu haina Katrina, na Ra'zac wameshakufa. Sasa sehemu ya pili ungeianzia wapi? Haikutengenezwa. Vitabu vikafika vinne, filamu ikabaki moja.

Hapa Kisumu hiyo inanifanya nimuwaze Lwanda Magere, shujaa wa Kano mwenye mwili wa jiwe. Wanandi, ambao Waluo huwaita Lang'o, walimwoza binti yao. Siku alipougua, alimwambia mkewe achanje kivuli chake, si mwili, dawa ipakwe hapo. Siri ikavuja. Mkuki ukachoma kivuli, Magere akageuka mwamba, na mwamba uko hadi leo karibu na mto Nyando. Okoiti Omtatah aliandika tamthilia yake mwaka 1991.

Siku moja mtu atakuja na kamera. Atapunguza, lazima, saa mbili hazibebi kila kitu. Vita vitabaki, si ndivyo vinauza? Mimi naogopea ile chale kwenye kivuli, tukio dogo la ndani ya nyumba, halina kelele. Ukiliondoa, mke anakuwa pambo, kifo kinakuwa bahati mbaya, na pale Nyando panabaki jiwe tu.